Kompyuta ya Michezo Hainunuliwi kwa Macho



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo hutufikia kila mwaka likifuatana na fedha za ufuta. Mnada ukiisha kupita na wakulima wakiisha kulipwa, wapo vijana wetu, wengine waliolima vishamba vyao wenyewe na wengine waliotunzwa na baba zao kwa kazi ya palizi, ambao hupanda basi kwenda Dar es Salaam, wakaingia Kariakoo, na siku ya pili yake wakarudi na maboksi. Ndani ya maboksi hayo mna kompyuta ya kuchezea michezo, ama vipande vya kuundia kompyuta hiyo. Mimi sina ugomvi na safari hiyo. Ugomvi wangu ni kuwa vitu vingi kati ya hivyo hununuliwa kwa macho: kwa taa zinazowaka rangi tatu, kwa jina lililoandikwa kubwa juu ya boksi, na kwa maneno ya muuzaji ambaye hatakuwapo siku mtambo utakapokataa kuwaka.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kufungua kompyuta, hasa wazee wetu, yafaa nieleze kwanza kidogo. Kompyuta ya mezani si kitu kimoja kama redio. Ni vyombo saba au vinane vilivyotengenezwa na makampuni mbalimbali, vikakutanishwa ndani ya kasha moja. Ipo prosesa, ndiyo inayofanya hesabu. Upo ubao mama, ambao vyombo vyote huchomekwa juu yake. Ipo kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi wote huiita RAM. Ipo kadi ya picha, inayochora mchezo katika kioo, na hiyo mara nyingi ndiyo ghali kuliko vyote. Ipo diski ya kuhifadhia. Ipo pawa saplai, inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Yapo mafeni, na kasha lenyewe. Uzuri wake ni kwamba mtu aweza kuchagua kila kimoja kwa kadiri ya fedha zake, na mwaka ujao akabadilisha kimoja bila ya kutupa vingine. Ubaya wake ni kwamba si kila kimoja hupatana na mwenzake.

Kabla sijaingia katika kupatana huko, niseme na wale wanaoona kwamba kijana wa shule hana haki kabisa ya kuwa na mtambo wa michezo. Nimesikia ikisemwa kwamba vitu hivi ni uhuni mtupu, na kwamba yapasa vipigwe marufuku. Nawaheshimu wazee wangu, na nakubali kwamba kijana anayecheza mpaka adhana ya alfajiri hataambulia kitu katika kipindi cha kwanza. Lakini mtambo uwezao kuchora uwanja wa mpira na wachezaji ishirini na wawili wakikimbia, ndio huohuo uwezao kuchora ramani ya nyumba, kukata na kuunga picha za video za harusi, na kujifunzia kuandika programu. Hakuna kompyuta mbili. Na michezo yenyewe imekwisha kuwa kazi kwa watu wengine. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, michezo ya kompyuta ilishindaniwa kwa medali kamili sawasawa na mbio na kuogelea. Na hapa kwa jirani zetu wa Kenya, Bibi Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alichukuliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa ustadi wake wa kucheza Tekken.

Tena tunayo historia yetu wenyewe. Kompyuta ya kwanza katika nchi hii iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuingiza hesabu za Serikali katika mtambo ilikwenda vibaya, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Miaka mingi ikapita kabla mlango haujafunguliwa barabara. Sisemi hivi ili kuwalaumu wakubwa wa wakati ule, maana fedha za kigeni zilikuwa haba na hasara ilikuwa ya kweli. Nasema kwa sababu naona jambo lile laweza kutokea hapa Kikole kwa kipimo kidogo. Vijana wawili watatu wakipoteza fedha za msimu mzima katika mitambo isiyowaka, wazee watasema, "Basi, kompyuta tumeziona, hatuzitaki tena." Na atakayeumia ni yule msichana wa Kidato cha Pili ambaye hajanunua hata waya mmoja, ila anatamani kujifunza.

Hasara yenyewe nimeiona katika ukoo wetu. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, si mjinga asilani. Pikipiki iliyoshindikana kwa mafundi wawili huletwa kwake. Mwaka juzi alinunua mjini kompyuta ya ofisi iliyotumika, ile ya kasha jembamba, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na prosesa yake nzuri. Duka la pili akanunua kadi ya picha, naye muuzaji akamwambia, "Hii inaingia kila mahali." Alipofika nyumbani akakuta kadi ni ndefu na pana, kasha halifungi. Akasema atalikata kasha. Akakuta kadi yataka waya wa pini nane kutoka katika pawa saplai, nayo pawa saplai ya mtambo ule haina waya wa namna hiyo. Akasema atabadilisha pawa saplai. Akakuta ya mtambo ule ina umbo lake peke yake na plagi zake peke yake, ya kawaida haikai wala haichomeki. Kadi ile ilikaa kabatini imefungwa katika kanga ya mama mkubwa muda wa miezi saba, kisha akaiuza kwa hasara. Palizi ya ekari tatu, wasomaji, kabatini.

Wala mtu asiseme kwamba angeirudisha dukani. Yule akaaye Ilala au Temeke aweza kurudisha kitu kesho yake asubuhi. Sisi toka hapa mpaka Dar es Salaam ni safari ya mchana mzima, na nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha njiani, na kulala kwa ndugu ambaye hukumpa habari. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zile, barabara kuu ilikatika sehemu za Somanga na magari yakalala njiani. Kwa hiyo mtu wa Kilwa hana budi kuchagua kwa uangalifu kuliko mtu wa mjini. Katika kijiji hiki tunajua kupima kabla ya kukata. Kikole ilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza barani Afrika kupata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa msitu wa asili unaotunzwa na wananchi wenyewe, na hakuna mpingo unaoangushwa katika msitu wetu bila ya kupimwa unene kwanza. Sioni kwa nini kompyuta inunuliwe bila ya kupimwa.

Basi mtu aanzie wapi? Vijana wengi huanzia kwenye kadi ya picha, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa. Mimi nasema aanzie ukutani, katika tundu la umeme, kisha aende ndani hatua kwa hatua, na kadi iwe ya mwisho.

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Wa Marekani ni volti 120. Mitambo mingi ya mtumba hutoka huko, na katika pawa saplai za zamani mna kidude chekundu upande wa nyuma, kimeandikwa 115 na 230. Kikiwa upande wa 115 nawe ukachomeka ukutani hapa kwetu, utasikia mlio kama wa fataki, na huo ndio mwisho wa habari. Pawa saplai za siku hizi nyingi hujirekebisha zenyewe tangu volti 100 hadi 240, na hilo limeandikwa katika karatasi iliyobandikwa ubavuni mwake. Karatasi hiyo ndiyo jambo la kwanza kusoma dukani.

Kisha wati. Hapa wenzangu wa Kidato cha Tatu watakumbuka kanuni ya fizikia, kwamba nguvu ni volti mara ampea. Tuseme prosesa ni ya wati 65, kama AMD Ryzen 5 5600. Tuseme kadi ni NVIDIA RTX 3060, ambayo ni ya wati 170. Ubao, diski, RAM na mafeni tuviwekee wati 60 hivi. Jumla ni karibu wati 300, na kwa volti 230 ni ampea 1.3. Si nyingi, birika la umeme hula zaidi. Lakini kadi ya picha haili sawasawa kama birika. Hutulia, halafu hushtuka ghafula ikataka nguvu nyingi kwa nukta moja, na pawa saplai dhaifu ikashindwa, mtambo ukazimika katikati ya mchezo. Kwa hiyo NVIDIA yenyewe yashauri pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo. Na wati hizo ziwe za kweli. Zipo pawa saplai za bei rahisi ajabu zilizoandikwa wati 600, nyepesi mkononi kama boksi la biskuti. Nunua ya kampuni ijulikanayo, yenye alama ya 80 Plus, maana ya namna hiyo ikifa, mara nyingi haiui vingine. Katika orodha yote, hiki ndicho chombo ambacho ningemwomba kila mzazi asikubali kupunguziwa bei yake.

Hesabu nyingine ni ya nyaya. Tundu la kadi katika ubao mama hutoa wati 75 tu. Kadi itakayo zaidi ya hapo sharti iletewe umeme kwa waya wake, na waya mmoja wa pini nane huleta wati 150. Ndiyo maana zipo kadi ndogo, kama baadhi ya GTX 1650, ambazo hazina haja ya waya wowote, na hizo ndizo zilizomfaa kaka yangu, mradi ziwe za kimo cha nusu. Laiti angejua kuuliza "wati ngapi, na waya gani?" badala ya kuuliza "inacheza mchezo gani?"

Na umeme hukatika. Hili halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kilwa, ingawa gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya yetu hii hii, imekuwa ikifua umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Ukikatika si kitu. Shida ni unavyorudi, kwa kishindo. Mtu anayepanga fedha zake asisahau UPS, naye ajue kwamba iliyoandikwa 650 VA haitoi wati 650. Nyingi za namna hiyo hutoa wati 360 hivi, kwa dakika chache. Zatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu, hazitoshi kumaliza kipindi cha pili cha mpira. Wale wenye umeme wa jua wa paneli moja ya wati 100 nawaomba wasijidanganye kabisa. Taa na simu, naam, mtambo wa michezo, la.

Tukitoka katika umeme twafika kwenye ubao mama na prosesa, na hii ndiyo ndoa ya kwanza. Kila prosesa ina soketi yake, na soketi haibembelezwi. Prosesa za AMD za miaka ya 2017 na kuendelea zilikuwa za soketi AM4. Mwaka 2022 ikaja AM5, wala moja haiingii katika nyingine. Intel za kizazi cha 12, 13 na 14 hukaa katika LGA1700. Za kizazi cha 10 na 11 hukaa katika LGA1200. Mtu akikuuzia ubao wa moja na prosesa ya nyingine, hata ukisukuma kwa magoti haiwi, ila utapinda vijipini.

Lakini soketi moja peke yake haitoshi, na hapa ndipo hata wajanja huteleza. Ubao wa AM4 wa aina ya B450 ulitoka kiwandani kabla ya prosesa za Ryzen 5000 kuzaliwa. Soketi ni ileile, prosesa yaingia vizuri, taa zawaka, na kioo chabaki cheusi. Sababu ni kwamba programu ndogo iliyomo ndani ya ubao, iitwayo BIOS, haimjui mgeni huyu mpaka isasishwe. Mbao nyingi haziwezi kusasishwa ila kwa kuwekwa kwanza prosesa ya zamani inayojulikana, na hapa Kikole utaazima kwa nani? Mwambie muuzaji akuwashie ubao huo pamoja na prosesa hiyo mbele ya macho yako, kabla hujatoa fedha. Akikataa, Kariakoo ina maduka mengi.

Iangalieni pia herufi iliyo mwisho wa jina, kwani herufi moja yaweza kuwa bei ya gunia. Ryzen 5 5600 haina uwezo wa kuchora picha. Bila ya kadi, kioo hakionyeshi kitu. Ryzen 5 5600G inao. Kwa Intel, ile yenye F mwishoni, kama i5-12400F, haina; isiyo na F inao. Nimewahi kuona watu wakisifia F kwa kuwa ni nafuu, bila ya kujua ni kwa nini ni nafuu.

RAM ni nyepesi kueleza. Kuna DDR4 na kuna DDR5, na pengo lililo katika kila moja limewekwa mahali mbali kidogo na pa mwenzake, makusudi, ili zisichanganywe. AM4 hutumia DDR4 tu, AM5 hutumia DDR5 tu, na LGA1700 hutumia mojawapo kwa kadiri ubao ulivyotengenezwa. Za kompyuta ya mapajani ni fupi, haziingii katika ya mezani. Nunua mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwa maana mbili hufanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye mitambo mikubwa ya akili mnemba. Basi aliye nazo zilizo nzima asizitupe.

Diski sina mengi. Ile nyembamba kama kipande cha ubani, iitwayo M.2, ina namna mbili zinazofanana kwa umbo, SATA na NVMe. Soma kitabu cha ubao kujua tundu lako lakubali ipi.

Kasha ni hesabu za futi tu, lakini wengi hawazifanyi. Ubao wa ATX una milimita 305 kwa 244. Micro-ATX una 244 kwa 244. Kasha dogo halichukui ubao mkubwa. Kila kasha zuri huandika urefu wa kadi linaoweza kuubeba na kimo cha feni ya prosesa, na kadi nayo huandika urefu wake. Ni kulinganisha namba mbili. Nami kwa hali yetu ya hewa, joto la pwani pamoja na vumbi la barabara isiyo na lami, nalichukia kasha la kioo mbele. Lapendeza, lakini hewa haipiti, na mtambo wapiga kelele kama mashine ya kusaga. Chagua lenye wavu mbele, na chujio la vumbi linaloweza kuchomolewa likaoshwa. Mtambo usiwekwe sakafuni.

Mwisho kabisa ndiyo kadi ya picha, nayo ipimwe kwa kioo utakachotazamia. Mtu mwenye kioo cha kawaida cha nukta 1920 kwa 1080, chenye kuonyesha picha 60 kwa sekunde, akinunua kadi kubwa kuliko zote, ni sawa na aliyefunga tanga la jahazi juu ya mtumbwi. Prosesa dhaifu nayo huishikilia kadi kubwa isiende. Tena vioo vingi vya mtumba vina tundu la VGA tu, na kadi za siku hizi hazina VGA. Zina HDMI na DisplayPort. Nimeona mtu amekamilisha kila kitu, akakosa kipande cha kuunganishia. Na jamani, waya wa kioo uchomekwe kwenye kadi, usichomekwe kwenye ubao! Wapo waliocheza miezi wakilalamika kuwa kadi ni mbovu, kumbe haijapata kutumika.

Haya, mtu aliye na fedha kidogo afanyeje? Ushauri wangu, ambao najua baadhi ya wenzangu bwenini wataupinga, ni kwamba mwaka wa kwanza asinunue kadi ya picha hata kidogo. Anunue ubao wa B550, prosesa ya 5600G yenye picha ndani yake, RAM mbili za GB 8, diski ya NVMe, kasha lenye wavu, na pawa saplai njema ya wati 550 au 650. Mtambo huo utacheza michezo mingi ya kawaida kwa picha za wastani, na kazi za shule utazifanya zote. Msimu wa pili wa ufuta, ikiwa mvua zimekwenda vizuri, aongeze kadi, na kila kitu kitakuwa kinaingoja: waya upo, wati zipo, nafasi ipo. Wanaopinga husema 5600G ina akiba ndogo ya ndani kuliko 5600, na kwamba tundu la kadi hufanya kazi kwa kasi ya zamani ukiitumia, na kwa hiyo baadaye itapungukiwa kidogo. Ni kweli. Lakini upungufu huo mdogo, pamoja na mtambo unaowaka leo, mimi naupenda kuliko ukamilifu ulio kabatini katika kanga.

Wengine husema, kwa nini tusinunue kompyuta ya ofisi ya mtumba, yaishe? Kwa kuandika na kusoma inafaa sana, wala siikatai. Ila wajue kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubaliwi rasmi kwenye prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Mitambo mingi ya bei rahisi ni ya kizazi cha 4 na cha 6. Aliye nao aweza kutia Linux, na itamfaa, lakini michezo kadhaa ya kushindana kwenye intaneti itamkatalia. Na wengine husema PlayStation ni rahisi zaidi. Kwa kucheza peke yake, ni kweli, wala siwezi kuwabishia. Hakuna soketi wala BIOS. Lakini huwezi kuandikia programu wala kuchorea ramani, na vyombo vingi vilivyo ndani yake vikifa huwezi kuvitoa ukaweka vingine vya kampuni nyingine.

Kwa wazazi nina ombi moja. Kijana akija kuomba fedha za kompyuta, msimuulize kama ni ya michezo au ya masomo, kwa sababu atajibu masomo. Mwambieni alete karatasi iliyoandikwa prosesa na soketi yake, ubao na soketi yake, aina ya RAM, wati za kila chombo na jumla yake, urefu wa kadi na nafasi iliyomo katika kasha, na tundu la kioo. Asiyeweza kuiandika karatasi hiyo hayuko tayari kupanda basi.

Sisi wa chama cha sayansi tumekubaliana na mwalimu wetu wa fizikia kwamba kabla ya msimu huu wa mauzo tutakuwa katika maabara kila Alhamisi baada ya vipindi. Mwenye orodha yake ailete, awe mwanafunzi, awe kijana aliyekwisha kumaliza shule, awe mzazi. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari. Futi ya kupimia ipo, mita ya kupimia volti ipo, na ule mtambo mbovu wa ofisi ya shule tumeruhusiwa kuufungua, ili asiyejua soketi aione kwa macho yake kabla ya kufika Kariakoo.